Betri Tatu na Waya Mmoja



Tuliwaahidi wasomaji wetu habari za mitihani ya madrasa tuliyokwenda kuisimamia Kisii. Habari hizo zipo na zitawafikia katika toleo jingine, inshaAllah. Leo tunaomba ruhusa ya kutanguliza jambo lililotupata njiani, kwa kuwa limetugusa katika ulimi wetu wenyewe, na kwa kuwa tunaamini kina mama wanaosoma ukurasa huu, wenye magari na wasio na magari, watafaidika nalo kuliko orodha ya alama za watoto.

Waislamu wa Kisii na Nyamira si wengi. Wamo Wanubi ambao mababu zao walikuwa askari wa KAR, wamo waliotoka kwetu Pwani kwa biashara na kazi, wamo Wasomali, na wamo Abagusii wenyewe walioipokea dini. Wametawanyika katika milima ile, nyumba moja huku na nyumba mbili kule, wala si kama Mji wa Kale ambako mtu hupiga hodi kwa jirani akiwa bado kizingitini kwake. Kwa sababu hiyo gari kwao ni jambo kubwa. Kikundi tulichofikia kwao wanalo moja, Toyota Hiace ya petroli yenye umri mkubwa kuliko dereva wake, iliyowekwa wakfu na mtu mmoja ambaye sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hubeba jeneza, hubeba wagonjwa, hubeba watoto wa madrasa, na juu yake pamefungwa spika ya kutangazia misiba na darsa. Petroli na matengenezo hulipwa na kikundi cha kina mama, wauzaji wa ndizi, mandazi na uji, ambao kila wiki hutoa kidogo walichonacho.

Alhamisi ile gari hilo lilitupeleka kuzitembelea familia chache upande wa Kebirigo, kupita mji wa Nyamira, penye mashamba ya majani chai. Tulipokuwa tukijiandaa kurudi baada ya Isha, tuliombwa tumchukue mama mmoja mjamzito aliyeanza kushikwa na uchungu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na kliniki yake ilikuwa Kisii, hivyo alitakiwa akajifungulie huko. Alipanda nyuma pamoja na mkwewe na bibi mweka hazina wa kikundi, ambaye tulikuwa tumefuatana naye tangu asubuhi. Sisi tukakaa mbele na dereva. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mvua za kule huja alasiri, nyingi na za baridi, na siku hiyo haikuwa imekatika.

Tulipouacha mji wa Nyamira tuliona mwanga wa taa za gari ukibadilika. Ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano, kisha ukawa mwekundu kama wa kibatari. Vifuta kioo vikaanza kwenda kwa uvivu. Dereva akazima redio, akazima na feni, akasema, "Sheikh, hii ni betri tena." Katika mlima injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Alipozungusha ufunguo, stata haikuzunguka. Ilitoa mlio mmoja tu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Giza likatufunika. Nyuma yetu mama yule alikuwa akileta istighfari, na kila uchungu ulipomjia sauti yake ilikatika, kisha akaanza upya pale alipoachia.

Pikapu iliyokuwa ikirudi kupeleka maziwa ikasimama. Mwenye pikapu hatukumjua wala hakutujua, na hakuuliza sisi ni dini gani wala ni watu wa wapi. Akawaweka wale kina mama watatu ndani ya kebini, akavua koti lake akamfunika mgonjwa, akaondoka. Sisi na dereva tukabaki na gari bovu kando ya barabara. Saa nne na nusu usiku simu ikaita: mtoto wa kiume, mama mzima. Alhamdulillahi.

Lakini kabla ya simu ile kuita, tulikuwa tumekwisha kusema neno. Dereva alitueleza kwamba betri iliyomo garini ilikuwa na umri wa miezi minne, na kwamba ilikuwa ya tatu katika muda wa miezi kumi na minne, zote zimenunuliwa katika duka moja la mjini, kila moja kwa shilingi elfu tisa za kina mama. Tukafanya hesabu gizani: elfu ishirini na saba. Hasira ikatupanda, tukasema, "Huyo muuzaji ni tapeli. Anauza betri kuukuu zilizopakwa rangi." Tulimwambia dereva. Tulipofika hospitali usiku ule tukawaambia jamaa wa mgonjwa langoni. Na baada ya sala ya Alfajiri ya Ijumaa tukawaambia watu watano au sita msikitini, nao wakaondoka na neno letu, na neno la sheikh, wasomaji wetu wanajua, huenda mbali kuliko mguu wake.

Aliyetuzuia ni bibi mweka hazina. Alikuja asubuhi ile akiwa hajalala, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Sheikh, kabla hatujamshitaki mtu, hiyo betri ingepimwa. Mimi ninamjua fundi mmoja."

Fundi huyo ni mzaliwa wa Nyamira, mtu wa rika letu, na gereji yake ni banda la mabati pembezoni mwa mji wa Kisii. Ni Msabato, kama walivyo wengi katika sehemu zile, na alituambia mapema kwamba jua likizama Ijumaa kazi husimama mpaka jua lizame Jumamosi. Tulimjibu kwamba nasi hatungeweza kufika kabla ya sala ya Ijumaa kwisha. Akacheka, akasema basi katikati ya ibada zetu mbili kuna saa nne za kufanya kazi. Asubuhi ile aliitoa betri na kuiweka kwenye chaja, taratibu, ili ikishajaa apate kuipima kwa haki.

Tuliporudi baada ya Ijumaa tulimkuta hajagusa kitu kingine chochote. Dereva alishangaa, kwa maana gereji alizozizoea huanza kwa kufungua. Tukamuuliza sababu. Akatueleza kwamba katika ujana wake alifanya kazi miaka michache Nairobi, katika uwanja wa ndege wa Wilson, akiwa msaidizi wa mafundi wa ndege ndogo, na huko alipigwa marufuku kufungua nati yoyote kabla ya kuandika kipimo kwenye karatasi.

Uwanja huo una historia yake, na tunaitaja kwa kifupi kwa sababu mwanzo wake una mkono wa mwanamke. Bibi Florence Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, na uwanja ule ukaja kupewa jina lake mwaka 1962. Ndipo pia walipoweka kituo madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, ambao kwa ndege ndogo wamewafuata wagonjwa katika viwanja vya nyasi na changarawe Afrika Mashariki nzima. Kisii nako kuna kiwanja kidogo cha aina hiyo, Suneka, kando ya barabara iendayo Migori. Fundi alituambia kwamba kila akisikia ndege ndogo ikielekea huko husimamisha kazi kidogo, asikilize injini.

Ndege alizozijua zaidi ni zile za Cessna 172 za zamani, zenye injini moja na viti vinne, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1956. Za mwanzo zilikuwa na dainamo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zikawekewa alternata. Betri yake ni ya volti 12, sawa na ya gari letu, na umeme wa kuichaji huwa karibu na volti 14. Tofauti moja ni kubwa, nayo ilitufanya tutikise kichwa. Injini ya ndege ile haitegemei betri kupata cheche. Ina magneto mbili, zinazozungushwa na injini yenyewe, kila moja ikijitengenezea cheche zake. Betri ikifa angani, injini huendelea kunguruma. Anachokipoteza rubani ni redio, taa, vipimo vya mafuta, na zile flapu za mbawa katika ndege ambazo flapu zake huendeshwa kwa umeme. Hapotezi injini. Hiace yetu ya petroli haina bahati hiyo. Cheche zake hutoka katika umeme wa betri na alternata, na umeme ukiisha injini huzimika, kama ilivyozimika mlimani ikiwa na mzazi ndani.

"Betri ni mtungi," fundi alisema, akimtazama bibi mweka hazina zaidi kuliko sisi. "Mtungi ukikutwa mkavu kila asubuhi, mama hanunui mtungi mwingine. Kwanza anauliza ni nani aliyekwenda kisimani, na je, mtungi unavuja, na je, kuna mtu anayekunywa usiku."

Mchota maji katika gari ni alternata. Huzungushwa na injini kwa mkanda, nayo hutengeneza umeme. Ndani yake, au karibu nayo, kuna kidhibiti kinachozuia volti zisipande kupita kiasi, maana zikipita 15 betri huchemka na kumwaga tindikali. Umeme huo hupita katika waya mnene mpaka kwenye betri na vifaa vya gari, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya chuma, ambayo mafundi huiita athi. Njia ni mduara. Ukikatika au ukisongwa mahali popote, kwenda au kurudi, mtungi haujai.

Alternata ina siri nyingine ambayo hatukuijua. Ili ianze kazi yahitaji umeme kidogo wa kuiamsha, kama ile pampu ya mkono inayotaka kikombe cha maji kabla haijavuta. Fundi alisema kwamba marubani wengine, betri ikiwa imekufa kabisa, huiwasha ndege kwa kuzungusha rafadha kwa mkono, nayo injini huwaka vizuri kwa ajili ya magneto zake, lakini alternata hubaki imelala kwa kukosa kikombe chake cha kwanza. Rubani asiyelijua hilo huruka akidhani betri itajaa njiani, na hutua ikiwa bado tupu. Dainamo za kale zilikuwa na ila ya namna nyingine: injini ikizunguka polepole hazikutoa kitu, kwa hiyo ndege ikiwa chini ikisubiri ruhusa ya kuruka ilikula akiba ya betri tu.

Tukamwomba atueleze mfano mmoja wa ugonjwa wa ndege. Akatueleza juu ya Cessna moja kuukuu ambayo sindano yake ya kuonyesha chaji ilikuwa ikicheza, ikienda kulia na kushoto bila kutulia, na taa zikipepesa pamoja nayo. Mwenye ndege alikuwa amekwisha kununua betri mpya, kisha kidhibiti kipya, kisha alternata nyingine, na kila kitu cha ndege bei yake ni ya ndege. Sindano ikaendelea kucheza. Waliokuja kuipima hatua kwa hatua waligundua kwamba ubaya ulikuwa katika swichi iliyo mbele ya macho ya rubani, ile yenye nusu mbili, nusu ya betri na nusu ya alternata. Shaba za ndani ya nusu ya pili zilikuwa zimechakaa na kuungua, umeme ukipita kwa shida, na kidhibiti kwa kupokea habari za uongo kupitia swichi ile kikawa kinaamuru ovyo, ongeza, punguza, ongeza, punguza. Walibadilisha swichi, ndege ikapona. Na akaongeza jambo ambalo dereva wetu alilipenda sana: katika nyingi ya ndege hizo mkanda wa alternata umekaa nyuma ya rafadha, hivyo kuubadilisha ule mkanda mmoja wa mpira huna budi kuing'oa rafadha nzima. Ndiyo maana hakuna anayefungua kwa kubahatisha.

Kisha akaja kwenye Hiace. Alitumia kipimo kidogo cha umeme, ambacho mafundi hukiita tesa, jina lenye maana nyingine isiyopendeza, lakini chombo chenyewe ni cha rehema. Akampa bibi mweka hazina kalamu na karatasi aandike.

Betri ikiwa imejazwa na kupumzishwa, kipimo kilisoma volti 12.6. Huo ndio ujazo wa betri nzima, 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 ni mtungi unaokaribia kukauka. Alipowasha injini, volti zilishuka hadi 10.4 wakati stata ikizunguka, kisha zikapanda. Betri mbovu, alisema, hapo ingeanguka mpaka tisa au nane. Akaiweka tesa chini, akatuambia, "Betri hii haina ugonjwa, mzee."

Tulinyamaza. Bibi mweka hazina hakututazama, na tunamshukuru kwa hilo.

Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukabonyea kiasi cha sentimita moja, haukuwa umelegea wala kung'aa kwa kuteleza. Akawasha taa zote, feni na vifuta kioo, akamwambia dereva akanyage mafuta kidogo. Kwenye alternata yenyewe tesa ilisoma 14.3. Mchota maji alikuwa mzima pia. Lakini kwenye vichwa vya betri, hatua mbili tu kutoka hapo, ilisoma 12.4. Karibu volti mbili zilikuwa zimepotea njiani. Na kwa sababu alternata ile hupima volti pale pale ilipo, ilijiona imekwisha kutimiza wajibu wake, huku mwisho wa njia betri ikitoa badala ya kupokea.

Ikabaki kujua ni njia ipi, ya kwenda au ya kurudi. Akaweka mguu mmoja wa tesa kwenye bodi ya alternata na wa pili kwenye kichwa hasi cha betri: 0.1 tu. Njia ya kurudi ilikuwa safi. Akauweka kwenye mdomo wa alternata na kichwa chanya cha betri: 1.8. Bibi akaandika namba hiyo na kuizungushia duara bila kuambiwa.

Fundi akaufuata ule waya mnene kwa vidole mpaka chini ya betri, mahali pasipoonekana, akakuta utepe mweusi uliofungwa mafungu kwa mafungu. Akazima injini, akatuambia, "Shika hapo, polepole." Tukashika. Palikuwa pa moto kama birika. Alipoukata utepe tukaona kwamba siku moja, pengine alternata ilipobadilishwa, mtu aliukuta waya mfupi akauunganisha kwa kuusokota na mwingine mwembamba, akaufunika. Nyuzi za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, ndani mna unyevu wa mvua, na nyingi zilikuwa zimekwisha kuungua. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, umeme mchache ulipita pale bila matata na betri ikajaa. Usiku wa mvua, kila kitu kikidai haki yake kwa pamoja, kiungo kile kilisonga kama koo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ukionekana usiku tu, na kila asubuhi gari lilipopelekwa kwa fundi wa barabarani likaonekana zima, na shauri likawa lile lile: nunueni betri. Tena fundi alisema kiungo cha moto kama hicho, kando ya mafuta, kingeweza kuliunguza gari na waliomo.

Tukiwa tumeshika waya ule tulikumbuka kisa mashuhuri alichokipokea Imamu Muslim, cha Mtume (s.a.w.) kupita penye rundo la nafaka sokoni. Hakutosheka na kulitazama kwa juu, wala hakutangulia kumtuhumu mwenye mali. Alitia mkono ndani, vidole vikapata unyevu, ndipo akauliza. Tumekisomesha kisa hicho miaka mingi kama onyo kwa wauzaji. Siku ile, mkono wetu ukiwa bado una joto la waya, tulikiona kinawahusu na wanunuzi. Sisi hatukuwa tumetia mkono mahali popote, na tulikuwa tumekwisha kuhukumu mara tatu. Surati Hujuraat, yenye amri ya kuhakikisha habari na katazo la dhana mbaya, tulikuwa tumeisoma katika sala ya Alfajiri ya siku ile ile.

Jua lilikuwa limeinama. Fundi hakuwa na waya wa unene uliofaa wala vishikizo vyake, akatazama nje, akanawa mikono. Gari likalala wazi. Jumamosi watoto wa Keroka walikuja mtihanini kwa matatu, kwa nauli zao, na hakuna aliyenung'unika.

Jumapili aliuondoa waya wote wa viraka akaweka mmoja mzima, mnene, wenye fyuzi yake, na vishikizo vilivyobanwa kwa chombo, si kwa meno ya koleo. Akapima tena, taa zote zikiwaka: 14.1 kwenye betri. Tulidhani kazi imekwisha, lakini yeye alikuwa bado na swali lake la tatu, la mtu anayekunywa usiku. Alitoa ufunguo, akafunga milango, akapima umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limelala. Ilitakiwa iwe kidogo sana, sehemu ndogo ya ampea. Ilikuwa 0.4. Chanzo kilikuwa amplifaya ya spika yetu ya matangazo, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, ikikesha macho chini ya kiti usiku na mchana. Kwa kiasi hicho, gari likikaa wiki moja bila kuwashwa, betri ya ampea-saa 70 hukauka. Akaifunga ipitie kwenye ufunguo. Malipo yote, waya na kazi, yalikuwa shilingi elfu mbili na mia moja.

Kabla hatujaondoka alimpa dereva maonyo mawili, nasi tunayapeleka majumbani kwa wasomaji wetu. La kwanza, asiruhusu mtu kuing'oa betri injini ikiwa inawaka ili kujaribu alternata. Wengi hufanya hivyo barabarani na kujiona hodari. Katika magari yenye alternata mtindo huo huruhusu volti kuruka ghafla na kuua vifaa. La pili, betri inayochajiwa hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo isikaribiwe na sigara, kiberiti wala kibatari, na tindikali yake ikimrukia mtu machoni aoshwe kwa maji mengi na apelekwe hospitali, asipakwe kitu. Kina mama wenye betri za sola sebuleni, watoto wakicheza karibu nazo, wakumbuke kwamba hizo nazo ni betri. Ikiwa taa za sola zinafifia mapema, vipimo ni vile vile: betri ina volti ngapi asubuhi, paneli inaleta ngapi adhuhuri, na viungo vya waya ni visafi au vimeota kijani? Na sisi wa Pwani tuna hewa ya chumvi, ambayo hula shaba upesi kuliko mvua ya Kisii.

Siku ile ile tulikwenda dukani kwa muuzaji wa betri. Hakuwa na habari za maneno yetu, au alijifanya hana. Tulimweleza yote, tukamwomba msamaha. Alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza yake, kisha akasema wateja wengi humrudishia betri na kumtukana, wala hajawahi kuona mmoja aliyerudi kusema ya kwake ni nzima. Akatukaribisha chai. Usiku, baada ya Isha, tulisimama msikitini tukawataja kwa jina lao wale watu watano au sita ambao tuliwapa neno la Alfajiri, tukawaomba walirudishe kwa kila waliyempa. Mmoja alikuwa amekwisha kulifikisha Kilgoris.

Sasa kuna daftari katika kisanduku cha gari, na kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Bibi mweka hazina amechora safu tatu: tarehe, volti za asubuhi kabla ya kuwasha, na volti injini ikiwaka na taa zote. Dereva hujaza, yeye hukagua siku ya kikao. Tulipokuwa tukiandika makala haya alitutumia ujumbe kwa simu, akitaja kwanza kwamba mtoto amefanyiwa akika na amepewa jina la mwenye wakfu, kisha namba za juzi usiku, walipomtoa mgonjwa mwingine Nyansiongo: mvua kubwa, taa zote, 14.1.